Uwanja wa Katikati Una Mwenyewe

Asubuhi ambayo kampuni ya chai ilikubali laini mpya, yaani nyumba za wafanyakazi, ijengwe kwa duara, Beldina alikuwa mtoni akifua mashati ya mumewe, na tumbo lilikuwa limeanza kumzuia kuinama. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa ya Kericho. Ukungu ulilala juu ya chai, jua lilitoka kwa kusitasita, na kila mtu alijua kwamba baada ya chakula cha mchana mvua itafika bila kualikwa. Mara akamwona mumewe, Alfayo Otiende, fundi mkuu wa matofali mzima, anashuka mteremko mbio kama kijana, kofia mkononi.

"Mama Aoko! Mzungu amekubali!"

Beldina akakaa juu ya jiwe, akajifunika uso kwa shati bichi, akalia. Alfayo hakumuuliza analilia nini. Alijua.

Aoko alikuwa binti yao wa kwanza. Walimzaa kwenye laini ya zamani, zile nyumba za kampuni zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya mwingine, milango yote ikitazama upande mmoja, kila nyumba ikionyesha jirani mgongo. Siku moja, mwaka uliofuata ule wa nzige, wakati mama yake yuko shambani anachuna chai, mtoto alitoka akicheza, akafuata barabara, akaanguka kwenye mtaro wa maji ya kiwanda. Milango ya laini nzima ilikuwa wazi. Watu walikuwemo, wengine wakipika, wengine wakisukana. Hakuna aliyemwona kupita, kwa sababu hakuna mlango uliotazama pale alipopita. Tangu siku hiyo watu waliendelea kumwita Beldina Mama Aoko, na yeye aliitika, ingawa kila alipoitika kitu kilimkata ndani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huo hauna dawa ya hospitali.

Ndiyo maana mimba ya pili ilipoingia alimwambia mumewe kwa maneno makavu: "Baba Aoko, mimi sizai tena kwenye laini. Ama ujenge kama nyumbani, ama nirudi ziwani nikazalie kwa mama yako."

Kama nyumbani maana yake ni boma. Nyumba zizunguke uwanja, milango itazamane, lango liwe moja, mtoto akitambaa aonwe na macho ya kila mama. Kampuni ilikuwa imemwagiza Alfayo jengo jipya, refu, la matofali na mabati, vyumba vingi chini ya paa moja. Alfayo akamwendea meneja akamwomba ruhusa ya kulipinda lile jengo liwe duara. Mzungu aliukunjia uwanja uso. Ila aliposikia lango ni moja, uso ukafunguka. Lango moja ni rahisi kulinda na ni rahisi kufunga. Hivyo ndivyo uwanja ulivyopatikana, jamani. Kila mmoja alipenda kitu chake.

Wakachagua pa kujenga juu ya kilima, mahali ambapo hapakupandwa chai. Kwa nini hapakupandwa? Alfayo aliuliza, nyapara akasema miche ilikataa hapo. Ilipandwa, ikakauka, ikapandwa tena, ikakauka tena. Alfayo akafurahi, maana udongo usiofaa chai unafaa nyumba.

Jengo likapanda. Siku ya kuhamia, watu walikuja na mikeka na sufuria vichwani, Wajaluo, Wakisii, Wakikuyu wawili watatu, wakicheka kama wanaokwenda harusini. Jirani yao Wilkista, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika, alisimama katikati ya uwanja na kifaranga kwapani, akaangalia huku na huku.

"Shemeji, boma ni zuri. Sasa mwenyewe ni nani?"

Hilo halikuwa swali la kijinga. Kwao Wajaluo boma jipya halilaliwi hivi hivi. Kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto unaobebwa kutoka kwa baba, na kuna mwanamume atakayelala hapo kwanza na mkewe ili ardhi imjue. Bila hivyo umejenga nyumba tu, hujafungua boma. Lakini Alfayo alikuwa mtu wa misheni, alisoma, alibatizwa, na mambo ya jogoo na shoka aliyaacha ziwani pamoja na jina la utotoni.

"Mwenyewe?" akasema, akicheka, mikono kiunoni, sauti juu ili kila mtu asikie. "Boma hili halina mwenyewe! Sisi ni wapangaji tu. Anayelitaka achukue!"

Watu wakacheka. Wilkista hakucheka. Alimsogelea Beldina akamnong'oneza, "Mume wako ana mdomo mwepesi." Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mzaha huo aliutoa akiwa amesimama katikati kabisa ya uwanja.

Kesho yake akaja Taprandich. Huyo alikuwa mama mzee wa Kikipsigis aliyeuza maziwa kwa kibuyu, akipita laini zote tangu kampuni ifike, na watu walimpenda kwa sababu maziwa yake hayakuwa na maji. Aliingia langoni, akasimama. Akautazama uwanja mtupu. Kisha akainamisha kichwa, akasalimu kwa lugha yake, akiangalia pale katikati, na akangoja. Alingoja kama mtu anavyongoja kuitikiwa. Baadaye akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, ndipo akamgeukia Beldina.

"Habari mama. Masiwa iko."

"Kogo," Beldina akasema, akimwita bibi kwa lugha yake, "ulikuwa unamsalimia nani?"

Mzee akamimina maziwa. Alipotoka hakukatisha uwanja. Alipita kando kando ya kuta, mgongo wake ukigusa matofali, mpaka langoni. Tangu siku hiyo hakuingia tena. Aliyetaka maziwa alimfuata nje.

Mvua ya kwanza baada ya kuhamia ilinyesha wakati kina mama wamerudi kutoka kupima chai, wamechoka, wamekaa milangoni wakitazamana, jambo ambalo hawakuwahi kulipata kwenye laini ya zamani. Walikuwa wakifurahia hilo. Wakirushiana maneno kutoka mlango hadi mlango, mvua ikipiga mabati. Ndipo Wilkista akanyamaza, na Wilkista hanyamazi.

"Beldina," akasema. "Angalia chini."

Uwanja wote ulikuwa matope. Isipokuwa katikati. Katikati palikuwa na duara kavu, jekundu, lenye vumbi, ukubwa wa nyumba ya msonge ya mtu mmoja. Maji yalidondoka ukingoni mwake kwa mstari, tone baada ya tone, kama yanavyodondoka kwenye ukingo wa paa la nyasi. Na upande ulioelekea lango, mstari ule wa matone ulikatika kidogo. Upana wa mlango.

Kina mama wakaingia ndani wakafunga.

Alfayo aliporudi alisema ni joto la ardhi. Akasema udongo wa murram hunywa maji. Akasema mengi, fundi hakosi maneno. Asubuhi yake Beldina alimwona amechukua jembe anachimba pale, peke yake, haraka haraka. Akachimba mpaka magotini, akaacha ghafla. Akaingiza mkono shimoni. Akautoa. Ulikuwa na majivu.

"Ni nini?" Beldina akauliza kutoka mlangoni.

"Majivu ya zamani tu." Akaanza kufukia. Lakini alikuwa ameushika ule mkono kwa mwingine, akipuliza vidole.

Basi watu wakaishi. Utafanya nini, kipande chako, kile cheti cha kazi, kiko kwa kampuni na ada ya shule haingoji. Waliishi bila kutulia. Hakuna aliyekatisha katikati, kila mtu alizunguka, mpaka njia ikachimbika ardhini. Mtu akipika aliona kama ametazamwa, akigeuka aliona uwanja mtupu. Wengine walianza kulala na viatu, na ukiwauliza kwa nini hawakujua. Kuku wa Wilkista mvua ikianza walikimbilia duara lile, wakajipanga kwa mzunguko, wametazama ndani.

Wale waliokuwa na raha ni watoto. Hao walicheza mle ndani mvua ikinyesha na kutoka wakavu. Mama akiita, "Wee, njoo ule!" mtoto hakuja mara moja. Kwanza aligeuza uso, akatazama juu kando yake, kama anayeomba ruhusa. Halafu ndipo alipokuja.

Beldina aliliona hilo akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

Alijifungua mchana wa mvua kubwa ya mawe, Wilkista akimzalisha. Mtoto wa kiume, mzima, mkubwa. Alfayo alikuwa ameshachagua jina la ubatizo, Danson, na akalitaja palepale kwa sauti. Mtoto akaanza kulia.

Hakuacha.

Alilia akiwa kifuani, alilia mgongoni. Titi alilikataa. Mganga wa zahanati ya shamba alimpima, akamgeuza, akasema hana ugonjwa. Ila Wilkista alijua, na Beldina pia alijua, kwa sababu kwao mtoto anayelia hivyo anatafutiwa jina. Kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka kukumbukwa. Mnaita majina ya wafu moja moja, na likitajwa la mwenyewe, mtoto hunyamaza. Alfayo mtu wa misheni alikataa kwanza. Lakini alipoona mashavu ya mwanawe yanaanza kuingia ndani, alipiga magoti mwenyewe kando ya kitanda.

"Obiero," akaita. Huyo ni baba yake. Mtoto alilia.

"Okeyo." Babu. Mtoto alilia.

Wakaita mashangazi, wakaita ndugu waliokufa vitani kwa kubeba mizigo ya wazungu, wakaita upande wa Beldina wote. Mwishowe Beldina mwenyewe akaita, "Aoko." Alitamani sana. Mungu anajua alivyotamani. Mtoto alilia tu, sasa kwa sauti ndogo, iliyokauka, na macho yake yaliuangalia mlango, yakauangalia uwanja.

Taprandich alikuwa nje ya lango na kibuyu chake. Beldina akamfuata, amembeba mtoto.

"Kogo, nisaidie. Anakufa."

Mzee hakutaka hata kumtazama mtoto. Aliongea chini chini, akitazama chai.

"Hapo katikati ilikuwa nyumba ya mzee moja. Hana kijana, hana msichana. Watu walifukuswa hapa, yeye alikataa. Alisema mimi niko kwangu. Wakachoma na yeye iko ndani." Akakaza kizibo cha kibuyu. "Nyumba ilienda. Uwanja ilienda. Yeye alikuwa hana mahali ya kukaa, alikuwa upepo tu. Sasa nyinyi mumemujengea boma. Mumemuletea mabibi, mumemuletea watoto. Na mume wako alisema achukue."

"Alikuwa anacheka tu! Ulikuwa mzaha!"

"Yeye hakucheka."

Mtoto alishtuka mikononi, akalegea, akaanza tena.

"Sisi pia tunaita majina," mzee akasema. "Tunaita, tunangoja mutoto apige chafya. Akipiga chafya, huyo amerudi. Mimi siwesi kumuita, mimi si wa nyumba yake. Ni mama ya mutoto anaita."

"Nikimwita mtoto ataishi?"

"Ataishi."

"Atakuwa wangu?"

Taprandich akaweka kibuyu chini, chote, maziwa yakiwemo. Akamsogelea Beldina sikioni, akalitaja jina. Mara moja tu. Kisha akaondoka, wala hakurudi kudai kibuyu.

Jina hilo halitatajwa hapa. Samahani. Hata mchana wa jua kali halitajwi.

Beldina alipomweleza mumewe, Alfayo alisimama kama aliyepigwa kofi. "Mtoto wangu aitwe mtu nisiyemjua? Damu yangu? Sikubali! Kama shida ni boma, basi nitalibomoa kwa mikono hii hii." Akachukua nyundo kubwa akaenda langoni. Alidhani akilivunja duara la jengo, lile la katikati halitakuwa na uwanja tena. Hakuwa amekosea sana, maskini. Alichokosea ni kufikiri kwamba mwenyewe atakaa amtazame tu.

Tofali la kwanza likaanguka. Mtoto akaacha kulia.

Beldina alifurahi kwa kitambo cha pumzi moja. Halafu akaona midomo ya mwanawe. Ilikuwa ya buluu.

"Baba Aoko, acha!"

Tofali lingine likaanguka. Kifua cha mtoto kiliinuka kwa shida. Kikashuka. Mvua ilikuwa imeanza, inapiga mabati kwa kishindo, na Alfayo hasikii, anapiga, anapiga, analia na kupiga. Beldina akatoka mbio na mtoto. Hakuzunguka. Alipita katikati. Akaingia kwa upande ule ulioelekea lango, pale penye nafasi ya mlango.

Mvua ikakoma kichwani pake.

Palikuwa na joto. Palikuwa na harufu ya moshi na ya maziwa yaliyolala kwenye kibuyu. Juu aliisikia mvua, lakini si ya mabati. Ilikuwa mvua ya nyasi, laini, ya mbali. Kupitia upenyo aliona uwanja, akamwona mumewe langoni amegeuka, ameitupa nyundo, mdomo wazi anapiga kelele. Hakuisikia kelele hiyo. Akamwangalia mtoto. Hapumui.

Alifikiria ule mtaro. Alifikiria milango yote ile iliyokuwa wazi. Hapana, akasema moyoni. Huyu simpotezi. Awe wa nani, lakini awe hai.

Akaliita lile jina. Kwa sauti kamili.

Mtoto akapiga chafya.

Na karibu sana na bega lake, mtu akacheka. Cheko dogo, la mzee asiye na meno aliyepewa kitu kizuri. Mtoto akageuza uso, akatafuta titi, akanyonya kwa pupa mpaka maziwa yakamtiririka shingoni.

Hawakungoja mwisho wa mwezi. Alfayo aliacha kazi, akaacha na vifaa vyake, wakatembea mpaka kituo cha reli cha Kipkelion, wakapanda gari la moshi kushuka Kisumu. Njiani Alfayo alisema, akitazama dirishani, "Ulifanya vizuri." Ziwani ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, na mvua haikuonekana kwa muda mrefu. Mama mkwe, Nyanya Elmina, alimpokea mjukuu kwa vigelegele. Danson, kama walivyoendelea kumwita, akanenepa, akaota meno, akaanza kutambaa. Beldina akaanza kulala. Akaanza hata kuimba.

Siku moja Wilkista akaja, amerudi nyumbani kwa matanga ya mjomba wake, akapita kuwaona. Walikaa mlangoni wakimenya mihogo, Danson akicheza na gunzi la hindi katikati ya uwanja wa Nyanya Elmina. Wilkista alikuwa na furaha.

"Dada, hutaamini. Tangu mlipoondoka laini imetulia! Watoto wanalala, watu wanapita popote. Na mvua sasa inanyesha uwanja mzima, pale katikati pamelowa kabisa kama kwingine. Yule mtu ameondoka."

Beldina akaweka kisu chini. "Ameondoka lini?"

"Si nimekwambia? Siku ile ile mlipoondoka."

Wingu lilikuwa limekuja juu ya ziwa bila wao kuliona. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yakarusha vumbi. Halafu mvua yenyewe, yote kwa pamoja. Nyanya Elmina alipiga kelele kutoka jikoni mtoto aingizwe ndani. Wilkista akainuka, akatazama uwanjani, akakaa tena taratibu.

Kuku wa Nyanya Elmina walikuwa wanakimbia. Hawakukimbilia nyumba. Walikwenda katikati, wakajipanga kwa mzunguko, wametazama ndani, na ndani yao Danson alikaa kwenye vumbi kavu, akigonga gunzi la hindi chini.

"Danson," mama yake akaita. Akaita tena. "Danson, mwanangu. Njoo."

Mtoto akasikia. Akageuza uso, akatazama juu kando yake, akangoja.

Beldina akavuka uwanja katika mvua mpaka penye mstari wa matone, upande ulioelekea lango. Maji yalimtiririka usoni, nguo imemganda mwilini. Hakuthubutu kuvuka. Akakunja mikono kifuani kama mgeni, akainamisha kichwa.

"Hodi," akasema.